Fomu Niliyokataa Kuifunga

Barua ya kunitaka nijieleze kwa nini nisichukuliwe hatua za nidhamu bado ninayo. Nimeiweka kwenye faili moja na cheti changu cha kustaafu, na ukiniuliza ni ipi ninayoionea fahari, nitakuonyesha barua. Cheti hupewa kila anayefikisha umri. Barua niliitolea jasho.

Nawaandikia nyinyi mnaotoka vyuoni sasa na kupangiwa kazi huku kwetu, Garissa, Wajir, Mandera, wengine mkiwapigia mama zenu simu mkilia kwa sababu mmepelekwa Banissa. Nyamazeni, mtazoea. Mimi naitwa Hadija. Nilikuwa afisa wa kliniki, yule ambaye wagonjwa humwita daktari na madaktari humwita "wewe hapo". Ni Mpokomo, nimezaliwa kando ya Tana, na karibu kazi yangu yote nimeifanya Garissa mjini, miaka ya mwisho nikiwa kliniki ya watoto. Kisomali changu ni cha sokoni: najua kusalimia, kuuliza bei na kulalamika. Mengine yote niliongea na wagonjwa kwa Kiswahili, changu na chao, na tulielewana.

Sasa nisikilizeni habari ya mtoto mmoja.

Hodan alikuwa na miaka tisa. Mara ya kwanza aliletwa na jeraha la kichwa, ameanguka kutoka juu ya tangi la maji. Nikamshona. Mara ya pili alikuwa amekimbilia barabarani akimfuata paka, bodaboda ikamgonga mkono. Nikamsafisha, nikamfunga. Mara ya tatu alikuwa amejimwagia chai ya moto mguuni kwa sababu aliinuka mkekani ghafla, kama alivyokuwa akiinuka kila siku. Yote hayo katika mwaka mmoja. Aliyemleta kila mara ni nyanya yake, mwanamke mrefu mkavu aliyeitwa Habiba. Mjukuu alimwita ayeeyo, ndiyo nyanya kwa Kisomali, nami nikamwita hivyo hivyo. Mama wa mtoto, Sahra, alikuwa Dadaab akiuza nguo, akirudi nyumbani mara moja kwa mwezi.

Siku ile ya chai, nilikuwa nafunga bendeji huku Hodan akivuta mpira wa mashine ya presha. Akafungua droo yangu, akauliza maswali sita bila kungoja jibu la hata moja. Nikamwambia Ayeeyo Habiba amchunge mtoto vizuri zaidi. Hayo ndiyo niliyomwambia mwanamke aliyelea watoto saba wakakua wote.

"Taktari," akasema, "wewe unashona fidonda tu. Mtoto mwenyewe utashona lini?"

Nikaangalia kadi ya Hodan. Safari mbili zilizopita nilikuwa nimeandika jeraha lilivyo, urefu wake, dawa niliyompa. Chini yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe, neno moja: *mtundu*. Hilo ndilo lilikuwa limefanya kazi ya uchunguzi wangu wote. Vijana, mkijikuta mmeandika neno kama hilo kwenye kadi ya mtoto, wekeni kalamu chini. Mmeacha kuwa watu wa tiba, mmekuwa majirani.

Nikamkalisha ayeeyo, nikauliza upya. Hodan alikuwa shule ya tatu, na mwalimu mkuu ameshaiambia familia itafute ya nne. Akitumwa sukari anarudi na mwana-mbuzi. Anaanza aya ya Kurani kwa sauti nzuri kuliko watoto wote wa dugsi, chuo chao cha dini, kisha katikati anauliza kwa nini mjusi hana masikio. Ameshachapwa kwa yote hayo, na kuchapwa hakujabadilisha lolote.

Hali hiyo ina jina, ADHD. Ubongo wa mtoto unashindwa kushika umakini, kutulia na kujizuia. Kuna dawa, kuna mbinu za nyumbani na za darasani. Lakini huwezi kuitambua kwa kumtazama mtoto dakika kumi kliniki. Watoto wengine hutulia wakimwona daktari, na wengine waliotulia kabisa huchacharika wakiona sindano. Lazima ujue anavyokuwa nyumbani na anavyokuwa shuleni, kwa miezi, na kutoka kwa watu wanaoishi naye.

Kwa hayo kuna fomu. Mzazi anajaza yake, mwalimu anajaza yake. Nilikuwa nazo za karatasi. Nilizituma, nikangoja. Ya mwalimu haikurudi. Ya nyumbani ilirudi imejazwa vizuri mno, kila swali limewekwa alama "kila mara", hata lile la kama mtoto huiba. Ayeeyo hakujua kusoma, kwa hivyo alikuwa amempa mwenye duka amjazie. Mwenye duka, ambaye Hodan aliwahi kumwangushia trei ya mayai, alitoa ushahidi wake wote.

Hapo ndipo Sadia alipoingia. Sadia alikuwa karani wetu wa rekodi, mama wa watoto wanne, asiyeinua sauti wala kurudi nyuma. Akasema, "Hadija, hawa watu wote wana simu. Mama yuko Dadaab na simu, mwalimu ana simu, ayeeyo ana simu ya kusikiliza mawaidha. Kwa nini karatasi itembee kwa miguu?"

Akaiweka fomu kwenye mtandao. Unatumiwa kiungo, unakibonyeza, swali linatokea moja moja, unachagua jibu, na majibu yanaingia kwenye kompyuta ya kliniki yakiwa yameshajumlishwa. Kwa asiyejua kusoma, Sadia alirekodi kila swali kwa Kisomali, kwa sauti yake. Mtu anasikiliza, kisha anabonyeza duara: tupu ni kamwe, limejaa ni kila mara, na mwishoni kuna nafasi ya kurekodi maneno yake mwenyewe.

Tulikuwa na daktari bingwa Nairobi, Daktari Njeri, aliyekuwa akituonea watoto wa aina hii kwa video siku ya Alhamisi. Nikamtumia fomu. Akapiga simu saa hiyo hiyo.

"Hadija, mmebadilisha maswali. Hii fomu imepimwa kama ilivyo. Ukigusa maneno, alama zake hazina maana."

"Swali linauliza kama mtoto hutulia mezani wakati wa chakula," nikamwambia. "Meza ni ipi? Hawa wanakula mkekani. Nyanya akijibu swali la meza ambayo hana, hizo alama zina maana gani?"

Tuligombana wiki mbili. Ni bingwa, na alikuwa na haki kwa upande wake, lakini sikumwachia. Mwishoni tukapatana: swali libaki lilivyo, kisha sauti ya Sadia iongeze mfano wa hapa. *Ukimwachia mbuzi, wanarudi wote? Ukimtuma vitu viwili, anakumbuka cha pili?* Njeri alisikiliza mifano yote kwa mkalimani, akakata miwili, akakubali iliyobaki. Mtu mwenye elimu kubwa akiwaambia kitu hakibadilishwi, muulizeni ni kipi hasa kisichobadilishwa. Mara nyingi ni kidogo kuliko alivyosema.

Majibu ya Hodan yakaja kwa siku tatu. Sahra alijibu akiwa kibandani Dadaab, unasikia lori la maji likipiga honi nyuma ya sauti yake. Mwalimu wake, Bwana Mutiso, ambaye karatasi yangu ilikuwa imemshinda, alijaza wakati wa mapumziko kwa simu, kisha akaongeza kwa sauti: "Daktari, nina watoto tisini darasani. Huyu namkalisha nyuma ili nipumue. Lakini jana niliuliza hesabu, nikajibiwa sawasawa kutoka nje ya dirisha. Alikuwa yeye. Si mjinga huyu."

Tukampima masikio, macho, damu, tukauliza habari za usingizi na degedege, maana mtoto asiyesikia vizuri naye huonekana hatulii. Msiruke hatua hiyo hata mkiwa na haraka gani. Kisha Daktari Njeri akakaa na ayeeyo kwa video saa nzima, akampa jibu: ni ADHD. Ayeeyo aliuliza swali moja tu: "Ni mimi nilikosea kulea?" Njeri akasema hapana. Ayeeyo akafunika uso kwa shungi, na Hodan, ambaye alikuwa chini ya meza, akatoka akamshika goti.

Sasa nawaeleza kosa langu, na silipunguzi.

Nilitaka kumtumia Bwana Mutiso muhtasari: jina la mtoto, hali yake, mambo ya kufanya darasani. Simuni mwangu nilikuwa nimemwandika "Mwalimu Gredi ya Nne". Mjukuu wangu alisoma darasa hilo hilo, kwa hivyo nilikuwa pia kwenye kikundi cha wazazi, "Gredi ya Nne". Miwani ilikuwa mfukoni. Nikabonyeza.

Nilipogundua, nilifuta. Lakini wazazi arobaini walikuwa wameshasoma. Kufikia alasiri mmoja alikuwa ameandika kwamba shuleni kuna mwendawazimu anayeketi na watoto wao. Mwingine akaitisha mkutano. Shangazi fulani akapiga simu kijijini Sangailu, kwa mjomba wa Hodan, Abdullahi, mwenye mifugo.

Nilikwenda kwa Ayeeyo Habiba kwa miguu yangu. Hakufungua geti. Siku ya pili hakufungua. Siku ya tatu alifungua, akasimama hapo hapo mlangoni.

"Siri yangu umemwaga sokoni," akasema.

"Nimeimwaga, ayeeyo. Nimekuja kuomba radhi, na kesho nitaiomba mbele ya wote walioisoma."

"Wataona wewe mjinga."

"Wataniona mimi. Afadhali kuliko Hodan."

"Basi nakwenda na wewe," akasema. "Peke yako utaharibu tena."

Kwenye mkutano nilisimama, nikasema nimefanya kosa kubwa la kazi, nimetoa habari ya mgonjwa, na aliyeisoma anapaswa kuisahau. Baba mmoja akaniuliza kama ugonjwa huo unaambukiza. Nikamwambia kinachoambukiza ni uvumi, na kwamba yeye tayari anao. Watu wakacheka, yeye hakucheka. Kisha ayeeyo akainuka na Kiswahili chake. "Huyu mtoto ni wangu. Anaenda shule hii. Nani anataka kutoa yeye, aje nyumbani aambie mimi." Akakaa. Hakuna aliyekwenda nyumbani kwake. Nami nisingethubutu.

Barua iliningoja kliniki. Mkubwa wetu wa kituo alikuwa mtu wa mpangilio, suruali imepigwa pasi hata wakati wa joto la Machi. Aliniita.

"Hadija, hapa tuna surua, tuna utapiamlo, tuna wakimbizi. Wewe unatuletea ugonjwa wa Wazungu, halafu unautangaza kwa simu. Funga hiyo fomu leo."

Nikamwambia, "Kutangaza ni kosa langu, niadhibu. Ugonjwa sikuuleta mimi, nimeukuta ukifungwa bendeji mara tatu. Fomu sifungi."

"Ni amri."

"Nimeisikia."

Jibu langu la barua lilikuwa na mistari mitatu. Kosa ni langu. Nimeomba radhi kwa familia, na kuanzia leo hakuna habari ya mtoto itakayopita kwenye simu yangu, kila mtu atafungua yake kwa nenosiri lake. Fomu haitafungwa. Sadia alinichapia, akaniuliza kama nina hakika na mstari wa tatu. Nikamwambia aukoleze wino.

Siku mbili baadaye Abdullahi alifika kutoka Sangailu, vumbi hadi kwenye nyusi, akaingia kliniki moja kwa moja. Ayeeyo alikuwa nyuma yake, amemshika Hodan mkono.

"Mimi ndiyo abti yake, mjomba," akasema. "Huyu mtoto nachukua. Mambo ya shule imekwisha. Atachunga mbuzi, akili itarudi."

"Aliwahi kuchunga?" nikamwuliza.

Akasita. "Likizo. Mbuzi kumi na moja ilipotea. Yeye alifuata mbuni."

"Kwa hivyo unampeleka kupoteza wengine?"

Hodan akasema kutoka nyuma, "Yule mbuni alikuwa na watoto! Walikuwa..." Ayeeyo akamfunika mdomo.

Nikachukua simu ya kliniki, nikafungua fomu, nikampa mjomba. Nikamwambia wewe umekaa naye malishoni, majibu yako tunayahitaji. Sikiliza, bonyeza. Alikaa kwenye kiti cha watoto, magoti juu, simu sikioni.

Swali la kwanza alibonyeza upesi. La pili upesi. La tano akarudia kusikiliza. La nane akaacha kubonyeza kabisa. Sauti ya Sadia ilikuwa ikiuliza kama mtoto huanza jambo, akaliacha, akaanza jingine, hata kama analipenda.

"Taktari," akasema polepole. "Nani alieleza huyu mwanamke habari yangu?"

"Hakuna aliyemweleza."

"Hii yote ni mimi. Nilipokuwa mdogo." Akaiweka simu mapajani. "Baba alifunga mimi na kamba kwa mlingoti ya nyumba. Kila asubuhi, mpaka nitulie. Mimi sikutulia. Nilijifunza kufungua kamba."

Ayeeyo Habiba, mama yake mzazi, alikuwa amesimama pale pale. Nilimwona akiachia mkono wa Hodan, akaenda akakaa chini kando ya kiti cha mwanawe, sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye goti la mtu mzima yule mwenye ndevu. Akamwambia kitu kwa Kisomali. Sikukielewa chote, na hata ningekielewa nisingewaambia.

Abdullahi alimaliza fomu. Aliporudi Sangailu alirudi peke yake.

Mkubwa wetu alikuwa ametangaza kwamba Ijumaa iliyofuata ataifunga kompyuta ya Sadia yeye mwenyewe. Asubuhi alikuta wanawake wanane wamekaa kwenye korido ya ofisi yake, Ayeeyo Habiba mwanzo wa benchi. Walikuwa mama na nyanya wa watoto wetu wa Alhamisi. Hawakupiga kelele. Waliomba maji, wakanywa, wakaendelea kukaa. Sahra alikuwa kwenye simu kutoka Dadaab, amewekwa spika. Kila mkubwa alipopita, sauti yake ilimsalimia kwa heshima na kumwuliza Hodan atajaziwa wapi fomu mwezi ujao. Alipita mara nne. Mara ya tano aliniita.

"Fomu ibaki, lakini kwa idhini ya mzazi kwa maandishi," akasema. "Nywila zibadilishwe. Na onyo linaingia kwenye faili yako."

"Onyo nimelistahili," nikasema, nikatoka kabla hajaongeza.

Dawa ya Hodan iliandikwa na Njeri, ikatafutwa Nairobi maana kwetu haikuwepo. Hapa ndipo mtandao ulipolipa. Zamani mtoto angeanza dawa, arudi baada ya miezi mitatu, na sisi tukisie. Sasa Bwana Mutiso alibonyeza maswali machache kila Ijumaa, Sahra na ayeeyo walibonyeza yao, na Njeri aliona mstari wa alama ukipanda au kushuka. Wiki ya pili mwalimu akaandika, "Ametulia, lakini hacheki." Njeri akapunguza dawa siku hiyo hiyo. Kumbukeni hilo. Mtoto aliyenyamaza hajapona. Mkiona darasa linafurahi na mtoto hafurahi, kipimo kimepita kiasi.

Alikosa pia hamu ya kula mchana, uzito ukashuka kidogo. Ayeeyo alilitatua mwenyewe: anjera, chapati laini ya Kisomali, na maziwa ya ngamia kabla ya kidonge, na chakula kikubwa baada ya Magharibi, hamu inaporudi. Nililiandika hilo kwenye maelezo ya wazazi wote. Na Mutiso alimtoa nyuma, akamweka mbele, akampa kazi ya kufuta ubao na kupeleka rejista ofisini, ili miguu yake iwe na safari halali. Nusu ya nafuu ilitoka kwa rejista ile, msidhani ni kidonge peke yake.

Hakupona, maana si homa. Alifeli mtihani mmoja, akavunja kioo kimoja, akapita madarasa. Mimi nikazidi kuzeeka, fomu zikazidi kuingia, kutoka Sangailu, Wajir, hata Banissa. Njeri akaniambia siku moja kwamba Hodan ana miaka kumi na mitatu, afunguliwe fomu yake mwenyewe. Nilikuwa sijafikiria kabisa. Miaka minne tulikuwa tumemwuliza kila mtu.

Tukamtumia kiungo. Alijibu papo hapo. Maswali kumi alijibu kwa dakika mbili, kisha akarekodi sauti ya dakika tisa. Mimi na Sadia tuliisikiliza tukila chakula cha mchana. Alisimulia ya mwalimu mpya, ya hedhi, ya ndoto ya kuwa rubani, ya kwa nini mjomba wake anapaswa pia kuonwa na Njeri, na kwamba kidonge kinafanya kichwa chake kama chumba kilichofagiliwa, ambacho siku nyingine anakipenda na siku nyingine anakichukia. Tulicheka hadi Sadia akakohoa. Kisha mwishoni sauti ikabadilika, ikawa ya mtu mzima.

"Na muache kuuliza watu habari zangu kabla hamjaniuliza mimi. Mngeniuliza nikiwa na miaka tisa, ningewaambia. Nilikuwa nawasikia."

Sadia aliweka kijiko chini. Alasiri hiyo hiyo tuligeuza mpangilio: mtoto anajibu wa kwanza, kwa sauti au kwa picha kama ni mdogo, ndipo mzazi, ndipo mwalimu, ndipo sisi. Bila fomu ya mtoto, zilizobaki hazifunguki. Nilistaafu nikaiacha hivyo. Nasikia kuna wanaosema inachelewesha kazi, wanataka kumrudisha mtoto mwishoni. Mtakutana nao, wana vyeo na wana haraka. Wakataeni.